Maji ya Mombasa ya mwaka 2049, mnisamehe

Watu wa Mombasa mniwie radhi, hii siri nimekaa nayo tangu 2024 na naona bora niitoe mwenyewe kabla binamu yangu hajaitoa kwenye harusi ya mtu.

Tulikua tumeenda Tsavo West mimi na huyo binamu, tukashuka na treni Mtito Andei, tukakodi Probox, safari ya kwenda kuona mapango ya Shetani kule chini ya milima ya Chyulu. Bibi alipolisikia tu hilo jina alinisomea dua nzima kwa simu, akamalizia "na unywe maji mengi, bara kuna jua kavu". Mimi mtiifu bana. Nikanywa chupa ya lita moja na nusu, juu yake chai ya rangi vikombe viwili na mahamri kwa mbaazi, ndo tukaingia mbugani.

Sasa Tsavo huwezi kushuka garini ovyo, wale simba waliokula mafundi wa reli mwaka 1898 wameacha wajukuu. Na barabara mawe matupu, Probox inaruka kama mbuzi, kila shimo nauma meno. Nikamuomba dereva asimame dakika moja tu, akanionyesha mavi ya ndovu bado yanatoa moshi, akasema mwenyewe hayuko mbali. Nikanyamaza.

Kufika, lava imeenea kama kilomita 8, nyeusi tii, utadhani malori yamemwaga makaa. Askari wa mbuga aliyetuongoza, mzee mpole na bunduki yake na tochi kubwa, akaanza kuhadithia (polepole, wallahi, neno moja moja) moto ulivyotoka ardhini karne ya 19, wenyeji wakaona huyu ni shetani mwenyewe, wakawa wanaacha chakula pangoni ili atulie. Hadithi tamu sana, mie niko mguu huu mara mguu ule.

Ndani giza, na harufu ya popo. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, wakatangulia, mimi huyo nyuma ya jiwe, simu nimeiuma kwa meno tochi imewaka. Jamani ile raha! Kumbe pango lina mwangwi, nasikika kama bomba kubwa limepasuka, binamu huko mbele akapiga kelele "Mzee kuna mto huku!" Nikashtuka, mdomo ukafunguka, simu chini, nikainama kuiwahi nikaenda nayo. Yale mawe ni makali kama chupa iliyovunjika. Suruali ikachanika toka mfukoni mpaka gotini.

Mzee akaja mbio, akanimulika nimekaa chini nimejishika.

"Nimeteleza kwenye maji, mzee."

Akamulika chini, akamulika ukutani, akanirudia mimi. Pakavu! Ile lita yote na chai yake, hakuna hata tone.

"Maji gani, kijana wangu?"

Hapo ndo nikapewa darasa huku mzee anajizuia kucheka, eti Chyulu yote haina mto hata mmoja kwa sababu hiyohiyo, mvua ikinyesha mawe na majivu ya volkano yanaifyonza papo hapo, inapita chini kwa chini kama kilomita 50 mpaka inatokea chemchemi ya Mzima, viboko wanaoga, na pale pale kuna bomba. Linapeleka wapi? Akaninyooshea kidole. "Kwenu."

Binamu, ambaye shuleni hakuwahi kuuliza swali hata moja, akauliza itafika lini. Mzee akasema wanasema maji yanaweza kukaa chini hata miaka 25.

Tukapitia Mzima jioni, mie nimejifunga kikoi cha binamu. Kuna kachumba kamejengwa ndani ya maji na vioo, unaangalia samaki wakipita mpaka magamba unayahesabu, maji maangavu utadhani hayapo. Binamu akaniinamia sikioni, "yaangalie vizuri, bado masafi."

Mpaka leo mtu akifungua mfereji kwetu, huyo mshenzi lazima aulize huu ni mwaka gani. Nimepiga hesabu, ni 2049. Kitindamimba wangu atakua na miaka 28, na nishamwambia mwaka huo anunue ya chupa.