Picha ya Tovuti Iandikiwe Asiyeiona

Wengi wanaotaka picha za tovuti zao ziwavutie wageni kutoka injini za utafutaji huanza na swali la uzito: faili ipunguzwe hadi kilobaiti ngapi? Swali hilo ni la haki na nitalifikia, lakini kwangu mimi linakuja la pili. La kwanza ni hili: mtu asiyeweza kuiona picha hiyo ataambiwa nini kuihusu? Nimefikia kuamini kwamba mwenye tovuti anayelijibu swali hili kwa uaminifu huwa amekwisha kuisaidia injini ya utafutaji bila hata kuifikiria.

Huduma ya Google ya kutafuta picha ilianza Julai 2001. Eric Schmidt, aliyepata kuiongoza kampuni hiyo, alieleza baadaye kwamba msukumo mmoja ulikuwa gauni la kijani alilovaa Jennifer Lopez katika hafla ya tuzo za Grammy mwaka 2000, kwa kuwa watu wengi mno walilitafuta na matokeo ya maandishi matupu hayakuwatosheleza. Zama hizo mashine haikuwa na uwezo wa kutambua kilichomo ndani ya picha, hivyo ilitegemea maneno yaliyoizunguka. Leo hali imebadilika: tangu Google Lens ilipotolewa mwaka 2017, mtu huelekeza kamera kwenye ua au kiatu akaletewa jina lake. Wapo wanaohitimisha kwamba maelezo ya picha hayana kazi tena, na hapo ndipo tunapoachana. Mashine inaweza kutambua kwamba pichani kuna mnyororo wa baiskeli. Haiwezi kujua kwamba umeupiga picha ili kuonyesha jinsi mnyororo uliolegea unavyoning'inia kabla ya kukazwa. Kusudi la picha unalijua wewe uliyeiweka, na usipoliandika halitaandikwa na mwingine.

Mahali pa kuliandika ni pale kwenye sehemu ya msimbo iitwayo alt, yaani maelezo mbadala. Sehemu hii haikubuniwa kwa ajili ya Google. Iliwekwa ili maneno yasimame badala ya picha pale picha isipoonekana, na hadi leo programu za kusoma skrini huwasomea kwa sauti watu wasioona. Ndiyo maana nasikitika ninapokuta maelezo kama "baiskeli, baiskeli bora, nunua baiskeli, baiskeli bei nafuu". Washa programu ya kusoma skrini, fumba macho, upitie ukurasa wenye picha kumi zilizoelezwa hivyo, nawe utaona jinsi mtu anavyotaabishwa na mwandishi ambaye hakumfikiria hata mara moja. Google nayo huonya wazi dhidi ya kurundika maneno msingi mahali hapo na kuuhesabu mtindo huo kuwa hila. Sentensi kama "Mnyororo wa baiskeli uliolegea ukining'inia chini ya gurudumu la meno" inamtosha msikilizaji, na maneno ambayo mtu angeyatafuta yameingia yenyewe. Picha ya pambo tu, kama mstari wa kutenganisha sehemu, iachiwe maelezo matupu ili programu iiruke. Kuieleza ni kumpotezea msikilizaji muda.

Jina la faili lina uzito mdogo, lakini halina gharama, kwa hiyo hakuna sababu ya kupakia IMG_4827.jpg wakati ungeweza kuandika mnyororo-wa-baiskeli-uliolegea.jpg, ukitenganisha maneno kwa vistari vya kawaida. Lenye uzito zaidi ni mahali picha ilipokaa. Picha iliyo jirani ya aya inayoizungumzia, yenye maelezo mafupi chini yake, hueleweka kuliko ile iliyotupwa juu ya ukurasa kwa ajili ya urembo. Tena picha ya maana isiwekwe kama usuli kwa njia ya CSS, yaani lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, kwani Google haiziingizi picha za namna hiyo katika matokeo yake. Vivyo hivyo, maelezo muhimu kama bei au tarehe yasifungiwe ndani ya picha peke yake. Yaandikwe pia kwenye ukurasa.

Sasa uzito. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000. Ikiwa nafasi ya picha kwenye ukurasa ni pikseli 800 kwa 600, msomaji amepakuliwa pikseli mara 25 ya zile zilizohitajika, na gharama ya data ni yake. Hata ukiongeza upana maradufu kwa ajili ya skrini zenye pikseli nyingi, bado utakuwa chini ya moja ya sita ya picha ya awali. Kwa hiyo kupunguza vipimo ndiko kwanza, kisha ndipo kubana faili. Muundo wa WebP, ambao Google iliutangaza mwaka 2010, kwa vipimo vyao wenyewe hutoa faili ndogo kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko JPEG ya ubora unaolingana, na vivinjari vyote vikubwa vya sasa vinausoma. Kwa picha za kamera sioni tena sababu ya kung'ang'ania PNG, muundo ambao faili zake huwa nzito.

Haraka ya picha kuonekana nayo huhesabiwa. Miongoni mwa vipimo ambavyo Google ilianza kuvitumia mwaka 2021 katika kupanga matokeo, kimoja hutazama muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane, na kiwango kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu. Mara nyingi kitu hicho huwa ni picha. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni la watu wenye bidii: wamesikia kwamba picha zicheleweshwe kupakiwa hadi msomaji azikaribie, wakazichelewesha zote, hata ile ya juu kabisa, na hivyo wakaharibu kipimo walichotaka kukiboresha. Ucheleweshaji uzihusu picha zilizoko chini ya skrini ya kwanza tu. Pia andika upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema na maandishi yasiruke msomaji anapokuwa katikati ya sentensi.

Kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokufanyia, nalo ni kuwa na picha yako mwenyewe. Picha ya hifadhi ya jumla, yaani ile ambayo yeyote aweza kuichukua, iliyokwisha kutumiwa na tovuti mia haimpi mtafutaji sababu ya kuichagua ya kwako. Picha ya kawaida uliyoipiga wewe, ikionyesha hatua ambayo wengine hawakuionyesha, ina thamani hata kama mwanga wake si wa kitaalamu.

Kwa mwenye tovuti ya siku nyingi, nashauri asianze kwa kubadili kila kitu. Ripoti ya utendaji ya Google Search Console, huduma inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye matokeo ya Google, ina kichujio cha utafutaji wa picha, chenye kumbukumbu za hadi miezi 16. Kitakuonyesha kurasa ambazo picha zake tayari zinaonekana kwenye matokeo lakini hazibofywi. Anza na hizo, na uanzie kwenye maelezo mbadala na maandishi ya jirani. Majina ya faili za zamani yaache kama yalivyo, kwa sababu kulibadilisha jina ni kuibadilisha anwani ya picha, na injini za utafutaji huzirudia picha kwa nadra kuliko kurasa. Ukilazimika kulibadilisha, ielekeze anwani ya zamani kwenye mpya, kisha subiri.