Viwavi wa mahindi Tanga: tunapiga dawa kabla ya kuhesabu

"Mgosi, mahindi yangu yamekwisha." Ndivyo alivyonipokea jirani yangu huku Muheza asubuhi moja ya Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi na mahindi yake yana wiki ya tatu tangu yaote. Bomba lilikuwa tayari mgongoni na chupa ya dawa mfukoni. Nilimwomba nusu saa tu kabla hajaanza.

Tukaingia shambani kwa kukata kona, njia yetu ikafanana na herufi W. Tulisimama mahali patano, kila mahali tukakagua mihindi kumi kwa kuupanua moyo wa kila mmoja kwa vidole. Kwenye mhindi wa pili tu tukamkuta. Juu kulikuwa na kinyesi kilicholowa, kama unga wa mbao unaobaki chini ya msumeno, na chini yake amejikunja kiwavi wa kahawia mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na vidoa vinne vyeusi karibu na mkia, vimejipanga kama pembe za mraba. Huyo ni kiwavijeshi vamizi, hakuna ubishi. Lakini tulipomaliza, mihindi yenye kiwavi hai au kinyesi kibichi ilikuwa saba kati ya hamsini. Mingine mingi iliyotobolewa majani ilikuwa imekwisha kutoa jani jipya, zima, lisilo na tundu hata moja.

Saba kati ya hamsini ni asilimia 14. Mwongozo uliotolewa kwa ajili ya wakulima wadogo Afrika unashauri kufikiria dawa pale mahindi machanga yanaposhambuliwa kwa kiasi cha asilimia 20 hivi. Yakishakuwa makubwa, kabla ya kutoa mbelewele, kiwango kinapanda hadi karibu asilimia 40. Yakishatoa mbelewele, bomba libaki nyumbani. Nilimweleza jirani yote hayo. Alinisikiliza kwa heshima, akatazama majani yake yaliyotoboka, akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Akapiga dawa shamba zima.

Nadhani alikosea. Lakini sababu zake zilikuwa na uzito kuliko wanavyokubali wengi wanaohubiri udhibiti husishi, yaani kupambana na wadudu kwa njia nyingi pamoja huku dawa ikiwa ya mwisho, na nisingependa kuzipita haraka.

Wazo la udhibiti husishi wa visumbufu lina umri mkubwa. Mwaka 1959 wanasayansi wanne wa California, Stern, Smith, van den Bosch na Hagen, waliliandika kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza. Ukiliondolea mapambo, ni hesabu ya dukani: usitumie shilingi kumwua mdudu ambaye hasara yake haifiki shilingi hiyo. Hawakuikataza dawa. Waliiweka mwisho wa foleni, nyuma ya wadudu rafiki na macho ya mkulima mwenyewe. Indonesia ililipima wazo hilo kwa ukubwa wa nchi nzima. Kuna mdudu wa kahawia anayefyonza mashina ya mpunga. Kadiri dawa zilivyozidi naye alizidi, kwa kuwa dawa ziliwaua buibui na wadudu waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga, na kuanzia 1989 wakulima wakafundishwa kwenye mashamba darasa kukagua kabla ya kupulizia. Mpunga haukukoma kuvunwa.

Sisi wa Tanga tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Amani, juu huku kwenye Usambara Mashariki, ndiko mtafiti H. H. Storey alikoeleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Ni ule unaokudanganya: unang'oa muhogo mnene, unaukata, unakuta ndani madoa ya kahawia makavu kama kizibo. Ni virusi, na virusi hakuna dawa ya kuvipulizia. Watafiti wa Amani waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake, mpira wa Ceara, wapate aina zinazovumilia. Hadi leo kinga ya mkulima wa Pwani ni ileile: aina inayovumilia, na vipando vilivyokatwa kwenye mashina safi. Huo ni udhibiti husishi kabla haujapewa jina.

Watetezi wa njia hii hupenda pia kisa cha kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mmea, na kweli ni kisa kizuri. Aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1970 akawa anakausha mashamba. Mwaka 1981 akapatikana Paraguay nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya mwili wa kidung'ata. Akaletwa, akaachiwa, akasambaa nchi hadi nchi. Hans Rudolf Herren aliyeiongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakununua chochote wala hakubeba bomba.

Hapo ndipo ninapoanza kusita. Kisa hicho kinamwahidi mkulima wa mahindi kitu ambacho hakiwezi kutimia kwa namna ileile. Muhogo unakaa ardhini mwaka na zaidi, hivyo nyigu ana makazi. Mahindi yanakaa miezi mitatu au minne, mabua yanalishwa ng'ombe au yanachomwa, shamba linabaki tupu. Nondo wa kiwavijeshi anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Nyigu wanaotoboa mayai yake wapo Afrika na wanafanya kazi, lakini hawamwahi kila mara. Huyu kiwavi aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na 2017 alikuwa ameshafika Tanzania. Kwenye joto letu la Pwani, yai linakuwa nondo anayetaga tena katika muda wa mwezi hivi.

Sasa mweke mkulima wetu mbele ya hayo. Anaambiwa aokote mayai na viwavi kwa mkono. Shamba la nusu ekari lililopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 lina mihindi karibu 9,000. Ukiupa kila mhindi sekunde tano tu, unahitaji saa kumi na mbili na nusu za kuinama, na wiki inayofuata unarudia. Nani anainama? Mara nyingi mama, mwenye maji ya kuchota na mtoto mgongoni, na palizi ya kunde inamsubiri. Wanaosema njia hii haina gharama wanahesabu fedha na kuusahau mgongo wa mtu.

Anaambiwa atumie majivu, mchanga au maji ya mwarobaini. Mwarobaini umejaa Pwani yote hii, na ndani yake kuna kitu kinachomfanya kiwavi aache kula na ashindwe kukua. Hilo ni kweli. Ila mvua ya masika ikipiga mchana, ulichokipulizia asubuhi kimeoshwa, na nguvu ya majani ya mti huu si sawa na ya mti ule. Majivu yakiingia barabara kwenye moyo wa mhindi yanamsumbua kiwavi mdogo. Kiwavi mkubwa aliyejichimbia chini ya kizibo cha kinyesi chake hayamfikii, na hata dawa ya dukani humfikia kwa shida.

Anaambiwa achanganye mazao. Hapa ningeomba maofisa wetu wawe waangalifu zaidi. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya wakulima wadogo Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta mahindi yaliyochanganywa na maboga yakishambuliwa zaidi. Nani huku hana maboga kati ya mahindi? Kusema "mseto ni mzuri" bila kutaja mseto wa nini na nini ni kumpa mtu nusu ya habari.

Kisha kuna njia ya sukuma-vuta ya watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi: unapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi imfukuze nondo, na majani ya malisho pembeni yamvute. Mwaka 2018 waliripoti kwamba kwenye mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania viwavi kwa kila mhindi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ni matokeo makubwa, na desmodiamu inazuia pia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kwa mtu wa Lushoto au wa hapa Muheza mwenye ng'ombe wawili wa maziwa bandani, ningemwambia aanze hata kesho, kwa sababu majani yale ni chakula cha ng'ombe na shilingi inarudi kwenye maziwa. Kwa mtu wa Handeni au Kilindi, ambako mavuno yakishatoka mifugo huingia kila shamba, mmea wa kudumu unaobaki wa kijani wakati wa kiangazi ni karamu ya ng'ombe wa watu wengine. Na anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja hapandi kitu cha miaka mitano.

Kwa hiyo jirani yangu akiichukua chupa, hafanyi ujinga. Dawa inaisha kazi asubuhi moja, na mchana anakwenda kibaruani. Anajua alichofanya. Katika maisha ambayo mengi hayako mkononi mwake, hilo lina thamani.

Mbona basi nasema alikosea?

Kwanza, macho yanadanganya. Jani lililotobolewa linatisha kuliko linavyopunguza gunia. Kiwavi alipoingia, wakulima walipoulizwa walikadiria hasara kubwa mno. Utafiti huohuo wa Zimbabwe ulipopima mashambani, mimea iliyoonyesha kushambuliwa ilikuwa kati ya asilimia 32 na 48, lakini mavuno yaliyopotea yalikuwa kama asilimia 12. Mhindi mchanga wenye afya, uliopandwa mapema na kupaliliwa kwa wakati, unajiponya. Jirani yangu alikuwa na asilimia 14 ya mihindi yenye viwavi. Alinunua dawa kwa ajili ya woga, na fedha hiyo ingetosha sehemu ya mbolea ambayo mahindi yake yaliikosa kweli.

Pili, ile chupa. Nilimwomba niisome. Dukani alikuwa amesema tu "nipe ya wadudu", akapewa. Msimu uliopita alipewa nyingine yenye jina na rangi tofauti, akaamini amebadilisha dawa. Nilipolinganisha maandishi madogo, kiambata amilifu, yaani kile kinachoua wadudu chenyewe, kilikuwa kilekile. Ukimpiga mdudu kwa kitu kimoja msimu baada ya msimu, wanaonusurika ndio wanaozaa, na baada ya muda unapulizia maji ya bei ghali. Kiwavi huyu alikwisha kuzizoea baadhi ya dawa huko kwao Amerika kabla hajavuka bahari, zikiwemo za kundi la sipamethrini ambazo bado ni rahisi kupatikana. Dawa inayofanya kazi ni mali ya wakulima wote, na tunaitumia hovyo kwa asilimia 14.

Tatu, alipiga saa tano asubuhi, jua kali, bila glovu wala kitu cha kuziba pua, akinyunyizia majani kama anayemwagilia bustani. Kiwavi hula zaidi jioni na usiku, na anakaa moyoni mwa mhindi. Dawa nyingi iliishia juu ya majani, ardhini, na kwenye shati lake. Bomba aliliosha kijitoni. Vijito vya huku vingi vinaingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalonywesha mji wa Tanga. Anayenunua ndoo ya maji Ngamiani naye ana haki ya kuuliza kuhusu dawa ya Muheza.

Nikiweka pande hizi mbili kwenye mizani, naona tumekuwa tukigombania jambo lisilo lenyewe. Mabishano yetu ni dawa au mwarobaini, kemikali au asili, na kila upande una ukweli wake wa kutosha kuendelea kubisha mwaka mzima. Katikati tumeiacha sehemu moja ya udhibiti husishi ambayo haihitaji mwarobaini, ng'ombe wala hati ya shamba: kuhesabu. Mihindi hamsini, nusu saa, mara moja kwa wiki, tangu mahindi yanapoota hadi yanapokaribia kutoa mbelewele. Ukilinganisha na saa kumi na mbili na nusu za kuokota, hiyo ni kazi ambayo hata mama mwenye maji ya kuchota anaweza kuifanya, na mwanawe wa darasa la tano anaweza kumsaidia.

Lakini kuhesabu hakufundishwi kwa kipeperushi. Bwana shamba mmoja ana vijiji kadhaa na pikipiki ambayo wakati mwingine haina mafuta. Wiki tatu za hatari zinapita kabla hajafika. Ningependa kuona kila kitongoji kina watu wawili waliofundishwa shambani, wakikagua mashamba machache kila Jumamosi na kutangaza namba msikitini, kanisani na kwenye kikundi cha simu: wiki hii tuko asilimia 10, wiki hii 25. Ningependa pia muuza pembejeo afundishwe kuuliza swali moja kabla ya kushusha chupa kutoka rafuni: umehesabu ngapi? Anaweza kupoteza mteja wa leo, najua. Ndiyo maana mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iliyopewa meno kwa sheria ya mwaka 2020, ingelitazama suala la ushauri wa dukani kwa uzito uleule inaotazama usajili wa dawa.

Vuli iliyofuata jirani alikuja kwangu jioni moja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanawe. Ilikuwa na mistari mitano ya vijiti vya kalamu ya risasi, kama tunavyohesabu magunia. Kumi na tatu kati ya hamsini. Alikuwa ameisoma chupa safari hii, na kiambata kilikuwa kingine. Tulikubaliana apige, na akaanza jua lilipozama nyuma ya minazi, akiinamisha mdomo wa bomba juu ya mhindi mmoja mmoja, moyo kwa moyo.