Sikubonyeza Honi: Maelezo kwa Mliotumiwa Ile Video

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini asubuhi ya leo ile video ya honi ya gari langu kulia mbele ya msafara wa msiba imenirudia kutoka kwa shangazi yangu wa Tanga, tena imeandikwa juu kwa herufi kubwa: DEREVA AOMBA NJIA KWA MAREHEMU. Aliyeandika ni rafiki yangu wa damu, yule mpiga picha, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa nyuma ya pikapu ya matarumbeta na kamera yake begani, na ambaye Krismasi alikula pilau kwangu. Basi acheni niseme mwenyewe. Na la kwanza kabisa: sikubonyeza honi.

Gari wengi mnalijua. Kwa wageni, ni Ford A ya mwaka 1930, usukani kulia, iliyotoka kiwanda cha Kanada kama Ford nyingi zilizoletwa kwenye makoloni ya Waingereza enzi hizo. Niliitoa kwenye banda la shamba la kahawa, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Silinda 4, lita 3.3, nguvu za farasi 40, gia 3 ambazo usipozibembeleza zinakusagia meno mbele za watu. Breki ni za fimbo za chuma, hakuna oili wala nini; ukikanyaga, unaanza na dua. Tangi la petroli liko mbele ya magoti ya dereva, petroli inateremka yenyewe mpaka kwenye kabureta. Ndiyo, mnaouliza kila wiki, ni kweli. Ndiyo maana simpakii mvuta sigara.

Sasa kuhusu nyaya. Fundi umeme wangu aliniambia, "Kaka, weka waya wa plastiki tumalize. Nani atakuja kuchungulia chini ya usukani?" Nikamwambia nitachungulia mimi. Nikaagiza Marekani, ambako vipuri vya Ford A vinatengenezwa mpaka leo, seti nzima ya nyaya zilizoviringishwa uzi kama zile za zamani. Ushuru wake nimemficha mke wangu. Fundi akazifunga huku anasonya, ananilaumu pia kwa umeme wenyewe, maana gari ni la volti 6 na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na magari yote aliyozoea. Na bado nasema nyaya za uzi ni nzuri. Tusibishane hapa chini.

Haya, Jumamosi. Harusi ya binamu yangu, hapa hapa Moshi. Kamati ilishatangaza kwamba bibi harusi atapanda gari la mwaka 1930, na michango ikapanda. Nyuma alikaa bibi harusi na matroni wake, gauni limejaa mpaka dirishani. Mbele, kiti cha pembeni yangu, akakaa mama mkubwa. Hakuwa kwenye mpango wa kamati. Alifungua mlango, akaingia, akasema, "Twende." Kilemba chake kilikuwa kinagusa paa.

Mnaijua desturi yetu: lazima msafara uzunguke kipilefti cha mnara wa saa. Mbele pikapu ya matarumbeta, nyuma yake mimi, nyuma yangu Noah na Coaster zisizo na idadi. Gari linaimba vizuri. Watu wanapiga picha, bodaboda wanapisha, mama mkubwa anapunga mkono kwa watu asiowajua. Nilijisikia mtu, siwafichi.

Tukiwa katikati ya mzunguko, ukatokea msiba.

Msafara mrefu, taa zimewashwa mchana, gari la mbele lina shada la maua na jeneza linaonekana kwenye kioo. Trafiki akatusimamisha sisi. Na hapa niwapongeze wapiga matarumbeta: kiongozi wao aliinua mkono mmoja tu, tarumbeta, ngoma, vyote kimya. Wanaume wakavua kofia. Bodaboda wakazima pikipiki. Pale mnara wa saa, Jumamosi mchana, ukasikia viatu vya mtu anayetembea. Mama mkubwa akateremsha mkono wake wa kupunga na kunong'ona, "Bwana ametoa..."

Honi ikalia.

Ngojeni niwaeleze honi ya Ford A, maana video haiitendei haki. Siyo piipii. Ndani yake mna mota ndogo ya umeme inayozungusha gurudumu lenye meno, meno yanakwaruza bati la duara, na sauti inapanda kadiri mota inavyoshika kasi, kisha inashuka ukiachia. Aaaa-UUU-ga. Hiyo "ga" ndiyo inayochekesha watoto. Lakini "ga" haiji mpaka uachie. Na mimi sikuwa nimeshika kitu.

Kwa hiyo ilikuwa aaaaUUUUUUUU, na ikabaki hapo hapo juu.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilinyanyua mikono yote miwili, watu waone si mimi. Kwenye video inaonekana nashangilia.

Nikageuza ufunguo. Injini ikazima. Honi haikuzima, kwa sababu kwenye gari hili umeme wa honi haupiti kwenye swichi ya kuwashia. Unatoka kwenye betri moja kwa moja, mchana na usiku. Nililijua hilo. Nimewaandikia hilo humu humu mwaka jana kwa mbwembwe. Sasa hata ule mngurumo wa injini uliokuwa unanisitiri haupo. Imebaki honi peke yake na gari la jeneza linakuja kwa mwendo wa heshima, yaani polepole sana, na honi yangu iko mbele, chini ya taa, mdomo umeelekea huko huko.

"Zima!" mama mkubwa akasema bila kufungua meno.

"Nimezima, mama."

"Hujazima!"

Kijana mmoja wa tarumbeta, nadhani alidhani ni ishara, akaitikia. Mara moja tu. Mwenzake akampiga kofi la kisogo, hilo nalo limo kwenye video.

Betri ya gari hili iko chini ya mbao za sakafu. Juu ya mbao kuna zulia. Juu ya zulia kuna miguu ya mama mkubwa.

"Mama mkubwa, naomba uinue miguu."

"Niinue miguu? Barabarani? Mbele ya maiti?"

"Kidogo tu, mama."

Akainua. Akaiweka juu ya dashibodi, viatu vyekundu vyenye kisigino, akajifunika uso kwa kipepeo cha harusi ili asitambulike. Mama, kilemba kile kinatambulika kutoka Himo. Mimi nikashuka, nikazunguka upande wake, nikafungua mlango, nikazamisha kichwa chini. Yaani kilichobaki nje, kuelekea kwenye msiba, ni makalio yangu ndani ya suti ya kukodi. Marehemu alipita hapo. Familia yake ilipita hapo, gari moja baada ya jingine, na kila gari lilipunguza mwendo ili waone vizuri.

Zulia likatoka. Ubao ukagoma. Spana zote ziko chini ya siti ya nyuma, na juu ya siti ya nyuma kuna bibi harusi na mita zake za kitambaa. Nikavuta ubao kwa kucha. Nyuma namsikia matroni anasali Salamu Maria kwa kasi ya mnadani. Ubao ukaachia, nikaipata betri, na bahati yangu kichwa chake huwa sikikazi sana kwa kuwa nakichomoa kila usiku. Nikakinyonga, nikakivuta. Cheche ikaruka.

Nikashusha pumzi.

Na kwa kuwa mota haisimami ghafla, katika ule ukimya mpya, taratibu, honi ikateremka ngazi zake zote na kumalizia:

"...ga."

Matroni ndiye aliyeanza kucheka. Simlaumu, lakini simsahau.

Gari la mwisho la msiba likasimama. Akashuka mzee mwenye bakora, suti nyeusi, uso hauna mzaha. Kipilefti kizima kikanyamaza tena. Trafiki akasogea, nadhani kuamulia. Mzee akaja mpaka kwenye boneti, akainama, akatazama.

"Hii ni A au T?"

"Ni A, mzee wangu. Ya mwaka 1930."

"Kabureta Zenith?"

"Zenith ile ile, mzee."

Akatikisa kichwa. "Honi yake ni nzima," akasema, akarudi kwenye gari lake.

Mengine ni haraka haraka. Waya wa honi niliukata kwa plaizi ya konda wa Coaster, betri nikairudisha, betri ikasema haina nguvu, hendeli akazungusha bwana harusi na suti yake nyeupe. Tulifika ukumbini, ndafu imepoa, MC ameshaiona video kabla yetu na alikuwa na utani wa kutosha mpaka usiku wa manane. Jumapili fundi umeme akaja bila kuitwa. Akanionyesha: pale waya unapoingia kwenye bomba la usukani, mtikisiko umekula uzi mpaka shaba imegusa chuma. Kwenye gari hili kitufe cha honi kazi yake ni kuugusisha ule waya na bodi tu, basi, kwa hiyo shaba ikigusa chuma popote ni sawa na mtu amekandamiza. Hakusema lolote kuhusu plastiki. Alipiga tu mluzi kwa sauti ya honi yangu, na mwishoni akaweka "ga".

Jumatatu nilikwenda matangani kutoa pole na kuomba radhi. Walinipokea vizuri, nikapewa kiti na chai, yule mzee akanitambulisha kwa wazee wenzake kama "kijana wa Ford". Wajukuu wa marehemu wakanifuata mpaka getini wakitaka kujua kama nimekuja nalo.

Wanaoniuliza inbox kuhusu kukodi: ndiyo, Jumamosi ijayo ipo wazi, bei ile ile, honi imechomolewa. Kiti cha mbele pia kipo wazi. Mama mkubwa amesema yeye kuanzia sasa ni mtu wa Noah.