Waliokatiwa benefiti Uingereza wakafa: nani anatakiwa alete ushahidi?

Ukikaa na Waswahili wagonjwa wanaoishi Uingereza utaona wanavyoiogopa bahasha ya kaki. Ikidondoka mlangoni ujue imetoka Wizara ya Kazi na Pensheni, ndani kuna fomu ndefu ya kujaza au kuna majibu, na watu wanaiacha mezani siku mbili tatu wanaizunguka tu. Sasa kuna ubishi wa zaidi ya miaka kumi kule, je huku kunyimwa benefiti, yaani posho ya serikali kwa wagonjwa na wasiojiweza, kunaua?

Ilianza 2008, serikali ya Labour ilipoleta posho mpya ya wagonjwa, ESA, pamoja na tathmini ya uwezo wa kufanya kazi. Unahojiwa, unapewa pointi, ukikosa 15 kwa kawaida unahesabiwa mzima, nenda katafute kazi. Kazi ya kupima ilipewa kampuni binafsi ya Atos, alafu 2015 ikaingia nyingine, Maximus. Agosti mwaka huo huo wizara ikatoa takwimu, tena baada ya kamishna wa habari, anayesimamia haki ya watu kupata taarifa, kuiamuru, kwamba kati ya Desemba 2011 na Februari 2014 watu 2,380 walifariki baada ya posho yao kusitishwa kwa kuambiwa wanaweza kufanya kazi.

Namba hii inatembea mitandaoni kama vile wote 2,380 waliuawa na barua, na hapo mimi nakubaliana na wizara kwamba haisemi hivyo. Waliopimwa ni mamia kwa maelfu, wengi wana maradhi makubwa na umri umeenda, watu kama hao wangefariki kadhaa hata wangelipwa kila wiki. Namba yenyewe haisemi walikufa kwa nini. Pia sikatai kwamba lazima watu wapimwe kabla ya kulipwa, ni pesa ya walipa kodi, na wapo wanaopona na kazi ikawarudishia uhai wao.

Lakini miezi mitatu baadaye ukatoka utafiti wa wasomi wa Liverpool na Oxford, walilinganisha maeneo ya England yaliyopima watu wengi upya na yaliyopima wachache, 2010 hadi 2013, watu zaidi ya milioni moja. Wakakuta kupimwa huku kunaendana na vifo vya kujiua 590 vya ziada. Wizara ikajibu huo sio ushahidi wa chanzo, na kitakwimu ni kweli, kulinganisha maeneo hakukuonyeshi kilichomkuta fulani. Haya, tuje kwa mtu mmoja mmoja basi. Januari 2014 Mary Hassell, mchunguzi wa vifo wa London, aliiandikia wizara kuhusu mtu aliyejiua, akasema kilichomsukuma ni kuambiwa anaweza kufanya kazi, na kwamba aliyempima hakuzingatia maoni ya madaktari waliokuwa wanamtibu. Na 2018 kule Nottingham madalali waliokwenda kumtoa mtu kwenye nyumba walimkuta amekufa kwa njaa, ana kama kilo 30, mgonjwa wa akili aliyekatiwa posho kwa sababu hakutokea kwenye tathmini. Familia ilishtaki, 2021 Mahakama Kuu ikasema sera ya wizara haikuvunja sheria. Mahakama imesema, sawa, ila mtu alishakufa njaa ndani ya nchi tajiri na faili lake lilikuwepo.

Kinachoniuma mimi ni huu uzito wa ushahidi ulivyogawanywa. Mgonjwa akikosa karatasi moja tu anahesabiwa mzima. Wizara ndo yenye mafaili yote, lakini Februari 2020 wakaguzi wa serikali, NAO, walikuta imechunguza vifo vya kujiua 69 tu tangu 2014, na wakasema ni vigumu sana kuamini kwamba ndo vyote ambavyo ingeweza kuvichunguza. Sasa kama hutafuti, huo ushahidi wa chanzo utatoka wapi?

Nimeona kwa macho jinsi pointi zinavyopotea. Kuna bi mkubwa wa Unguja tunaishi mtaa mmoja, vidole vimepinda kwa baridi yabisi na figo zinamsumbua, aliniomba nikamkalimanie kwenye mahojiano ya PIP, hiyo posho ya ulemavu iliyoanza 2013, nayo ni ya pointi vile vile. Swali la kwanza anaulizwa hali yake. Akajibu kama alivyolelewa, sijambo mwanangu, alhamdulillah. Nami nikatafsiri hivyo hivyo, mzima, namshukuru Mungu. Ripoti ilivyorudi imeandikwa mhusika amesema yuko vizuri, pointi sifuri. Mtu wa kwetu anaweza kuwa kitandani hajiwezi na bado atasema sijambo, hiyo ni adabu, haina habari ya magoti wala figo!

Watu wanaofikisha PIP mahakamani zaidi ya nusu wanashinda. Wizara inasema hao ni wachache kati ya wote walioamuliwa, na kule wanaleta maelezo mapya, na ni kweli wapo wa hivyo. Ila bi mkubwa karatasi zake zilikuwa zile zile. Alisubiri miezi kumi na moja, anakula kwa kukopa kwa majirani, usiku heater haiwashi. Siku ya kesi jaji hakumuuliza hali. Alimwambia, mama hebu nieleze leo asubuhi chai umeipikaje. Akaanza kueleza, kwamba birika halishiki kwa mkono mmoja, anaweka maji kikombe kimoja tu, jirani ndo alimfungulia kopo la maziwa, na hapo katikati mkalimani wa mahakama alibidi amuombe anyamaze kidogo ili tafsiri imfikie.