Tuulizane Tarehe ya Moto

Mwezi wa tisa nilishuka mbugani, kwenye bonde la nyasi ng'ambo ya majaruba yetu ya mpunga kule Sikonge, siku chache baada ya moto kupita. Kweusi tupu. Vitita vya majani vilibaki kama brashi kuukuu. Nikang'oa kimoja kwa jembe, nikakipasua kwa kisu. Nje masizi, ndani cheupe kabisa, na chipukizi refu kama ukucha limeshaanza safari. Mabaki ya shina nikayaviringisha vidoleni, yakagoma kuviringika kwa kuwa yana pembe tatu. Basi si nyasi hii, ni jamaa wa ndago.

Jamii hiyo ina aina zaidi ya 5,000 duniani. Ndago ya shambani haina shida, tunaipiga jembe kila msimu nayo inatucheka. Mimi nawaza zile adimu, zinazoishi kwenye mbuga moja au mbili tu.

Nazo moto peke yake hauziui. Moto wa nyasi hupita upesi na udongo haupitishi joto haraka, kwa hiyo shina linalotambaa chini hubaki salama. Zipo hata zinazotoa maua mara tu baada ya kuungua.

Kinachoziumiza ni Oktoba. Wakati huo mmea umeshatumia akiba yake kuchipua. Ukiunguzwa, unaanza upya na ghala nusu tupu. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Na pale mbuga ilipokauka hadi kwenye mboji, moto huzama chini ukafuka siku kadhaa, ukaliunguza shina lenyewe. Aina adimu ikifa hapo, hakuna jirani wa kuiletea mbegu.

Warina asali wa kwetu walikuwa wakichoma Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto ukaruka huku ukaacha kule. Siku hizi kijiji kinatoza faini kwa yeyote anayechoma, wakati wowote. Matokeo yake watu wanachoma usiku, kwa wizi, Oktoba! Mimi ningefuta katazo hilo, niweke tarehe ya mwisho ya kuchoma, na nusu ya mbuga ipumzike kila mwaka.

Kile kitita nilikirudisha shimoni, nikakifukia. Baba aliyekuwa akinitazama kwa mbali akauliza kama sasa nimeanza kupanda ndago.