Spea ya Vita Gani?

Jamani, nani kawaambia watu wa Tanga kwamba mimi ni mganga wa vyuma? Nauza spea za magari ya zamani hapa Ngamiani, nina heshima zangu na kofia yangu ya kiua. Leo tangu asubuhi sijauza hata nati; nasomeshwa vyuma tu.

Kwanza dogo wa bodaboda. Kachomeka balbu ya lori la jeshi, ya volti 24, kwenye pikipiki ya volti 12, analalamika taa inasinzia. Isisinzie ina nini?

Kisha mzee mmoja, chuma kakifunga kwenye kanga ya mkewe. Shikamoo, marahaba.

"Mwanangu, hiki cha Mjerumani. Vita vya hapa hapa, 1914. Nitafutie mnunuzi."

Nikafuta grisi, namba ikajitokeza: 2530-99, na tarakimu saba nyuma yake. Nikamweleza kwa adabu zote: mzee wangu, hii ni namba ya vifaa vya NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tarakimu 13. Nne za mwanzo ndizo kundi la kifaa. 2530 ni breki, stelingi, ekseli na magurudumu. Mbili zinazofuata ni nchi iliyokisajili. 99 ni Uingereza. Kingekuwa cha Ujerumani tungeona 12. Halafu NATO yenyewe imezaliwa 1949!

"Basi Mjerumani alimwibia Mwingereza."

"Mwaka 1914, mzee wangu?"

"Kwani wewe ulikuwepo?"

Barazani wote wakahamia kwangu. Mmoja kasema ni kipande cha mzinga. Wa pili, kwamba nyuki waliowatimua Waingereza kwenye vita hivyo vya Tanga walitagia humo. Muuza kahawa, ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli, kaapa ni giaboksi. Giaboksi ya kuingia mfukoni! Nikapaza sauti mpaka kofia ikaanguka kwenye oili chafu: silinda ya breki hii, ya gurudumu, mipira imekauka, waiteni hao nyuki waje wabishe!

Mzee kanitazama kwa huruma, kataka milioni mbili.

Na kofia yenyewe, dobi atanitoza bei ya kanzu nzima, aniambie oili haitoki bila mafuta ya taa, niyanunue mimi. Halafu hizi kashata, mbona kila mwezi zinazidi kuwa nyembamba na hakuna anayesema kitu?