Shemeji Anaokoa Hela, Mimi Naruka Maboksi

Jamani kuna mwingine humu anaishi na mtu wa ofa? Sisemi mtu wa kununua, kununua tunanunua wote, nasema mtu wa OFA, yule akiona punguzo tu mkono unamwasha hata kama kitu chenyewe hajui kinatumikaje.

Maana mkisikia ugonjwa wa manunuzi moja kwa moja mnawageukia wanawake na mikoba yao. Njooni mumuone shemeji yangu, dume zima na ndevu zake, ana drili tatu na ukutani hakuna hata picha moja iliyotundikwa. Na Wamarekani walishahesabu, kuna utafiti wa chuo kikuu cha Stanford ulitoka 2006, wenye hii shida kule walikuwa kama asilimia 5.8 ya watu wazima, wanawake 6.0 wanaume 5.5, yaani wamepishana kidogo tu. Nikamwonyesha mke wangu nikijua atacheka, akanijibu nisimseme kakaake.

Kinachoniua ni hesabu zake. Kitu cha mia kimeshushwa mpaka sitini, yeye anakuja sebuleni kutangaza ameokoa arobaini. Shemeji, na hiyo sitini je? Ananitazama kama mimi ndio sikusoma. Sasa mtu anaokoa kila siku halafu mwezi haujafika katikati anakuja kuniazima, hiyo akiba anaiweka wapi? Bei ikiishia na 99 ndio kabisa, ile tisa ya nyuma haioni, na wenye maduka wanajua haioni ndio maana wanaiweka.

Mimi namlaumu yule Sylvan Goldman, mwenye maduka wa Oklahoma, Marekani. 1937 huko ana maduka yake, akaona wateja kikapu kikiwa kizito wanaacha kununua wanaenda kulipa, akawabunia troli ya magurudumu. Hebu fikiria, mkono ulikuwa unauma, unakwambia basi baba imetosha twende nyumbani, mshauri wa bure kabisa, jamaa akamfukuza kazi! Na sasa hivi ndio balaa zaidi maana kapu liko kwenye simu, halina uzito, halijai, namba za kadi zimeshakaririwa humo humo, shemeji kalala chali saa nane za usiku anabonyeza na kidole gumba, kukicha tuna baiskeli ya mazoezi.

Raha yenyewe wala haiko kwenye kitu. Wataalamu wanasema ile dopamini, kemikali ya ubongo, inachemka sana mtu anapokitarajia kitu, akishakipata inatulia, na mimi sihitaji maabara, nina sebule. Mzigo ukiwa njiani shemeji halali, umefika ghalani, umetoka ghalani, anachungulia dirishani kama anasubiri posa. Ukifika anaufungua, anasema "safi", basi, boksi linabaki koridoni na yeye keshashika simu tena. Kuna moja hata hajalifungua, mimi nimeshalizoea, naweka funguo zangu juu yake. Ukimwambia rudisha anasema muda wa kurudisha umepita, kwa sauti ya msiba kabisa, utadhani muda ulimvizia.

Nikizidi kumsema ananitajia Imelda Marcos, yule mke wa rais wa zamani wa Ufilipino, eti yeye na mumewe walipokimbia nchi 1986 waliacha viatu vya mama huyo zaidi ya jozi elfu moja, sasa mimi drili tatu tu mnanipigia kelele? Ukijipima kwa Imelda Marcos nani hataonekana mtawa?

Majuzi mke wangu akamwambia kistaarabu, kaka, hebu panga vitu vyako. Akakubali haraka mno, nikajua hapa kuna jambo. Jana likaletwa boksi refu kunizidi, kabati la kuhifadhia vitu, lilikuwa na ofa. Kumbe linafungwa kwa bisibisi ya pembe sita, zake zote ni za nyota, na ile iliyokuja nalo imeshapotelea kwenye maboksi. Mimi nimepiga magoti nimeshikilia mbao mbili zisianguke, ananiambia "shemeji shika hapo hapo usiachie", akatoa simu. Seti nzima, bisibisi kumi na mbili, punguzo mwisho saa sita usiku.